Kete Zilizo Mbele ya Macho

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kila usiku kabla ya kulala hucheza mchezo wa kitoto katika simu. Nasema wa kitoto kwa sababu ndivyo jirani zangu hapa Shinyanga wanavyouita wanaponikuta barazani. Vipande vya rangi hutokea chini ya kioo, vitatu vitatu. Navichukua kwa kidole kimoja kimoja na kuvipanga katika viraba. Mstari ukijaa hufutika, na nafasi hupatikana upya. Hakuna saa inayonikimbiza, hakuna mpinzani, hakuna fedha. Nikishindwa, naanza tena. Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea mchezo huo mwaka 2019, majuma machache baada ya kumzika bibi yake, alipogundua kwamba silali.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kinachomvuta mtu mzima katika jambo dogo kama hilo. Kwa kawaida tunajibu kwamba ni kupoteza wakati. Jibu hilo nililiamini kwa miaka mingi, na kwa sababu yake nilimkosea baba yangu. Basi, ndugu msomaji, niruhusu nianze mbali kidogo, kwa sababu jibu langu la leo lilianzia juu ya ubao wa bao.

Baba alikuwa kibarua katika mgodi wa Geita. Dhahabu ya huko ilijulikana tangu mwaka 1898, enzi za Wajerumani, lakini mgodi wenyewe ulianza kazi katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, ukaendelea hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wakati wake ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu katika Afrika ya Mashariki. Watu walikwenda huko kutoka pande nyingi, nao walichukuana na michezo yao. Sisi Wasukuma tulikuwa na isolo. Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, na watu wa pwani wana bao. Yote hiyo ni michezo ya ukoo mmoja: mashimo ya mistari minne, na mbegu zinazopandwa kutoka shimo hadi shimo. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani aliyeitwa Stewart Culin aliandika habari za ukoo huu wa michezo, akauita mchezo wa taifa la Afrika.

Mgodi ulipofungwa, baba alirudi kijijini kwetu akiwa na sanduku la bati, blanketi, na ubao aliouchonga mwenyewe. Isolo aliijua tangu utotoni, lakini kule Geita mzee mmoja wa pwani alimfundisha bao la Kiswahili, na ndilo lililomkaa moyoni. Mashimo ni 32 na kete ni 64, kila mchezaji ana 32. Mwanzoni kila mmoja huweka kete kumi tu ubaoni, na 22 hubaki mkononi. Hizo huziingiza moja moja katika hatua ya kunamua. Zikiisha mkononi ndipo mtaji huanza, na hapo akili hupimwa kwa kweli, kwa maana kete moja inaweza kuzunguka na kuzunguka kabla ya kulala. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alipata shahada ya udaktari kwa kuchunguza namna mafundi wa bao wa Zanzibar wanavyohesabu mizunguko hiyo kichwani bila kugusa kete. Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa kupenda bao, na alipostaafu watu walimkuta Butiama akiwa ameinamia ubao.

Nilipokuwa kijana nilimwuliza baba kwa nini hachezi karata kama vijana wenzangu. Alinijibu kwamba karata zina mgongo. Sikumwelewa. Akaeleza: karata inaweza kukuficha uso wake, lakini kete haina pa kujificha. Ukifungwa, umefungwa na hesabu yako. Zile zilizo mkononi mwa mwenzako nazo unajua idadi yake. Bao halina dadu wala halina bahati.

Maneno hayo yana uzito wa pekee katika nchi yetu hii. Watu wa Shinyanga na Geita wameishi muda mrefu juu ya bahati iliyofichwa ardhini. Mwadui iko mwendo mfupi kutoka mjini kwetu. Hapo ndipo John Williamson, Mkanada, alipogundua almasi mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta kwa taabu, na mwaka 1947 likapatikana lile jiwe la rangi ya waridi alilopewa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kuwa zawadi ya harusi. Hadithi hiyo tuliisikia utotoni. Hadithi ya wote waliochimba wasipate kitu haikusimuliwa na mtu, ingawa ndiyo iliyokuwa ya wengi. Mchimbaji mdogo anaweza kushusha duara kwa miezi sita akakuta mawe matupu, na jirani yake, hatua kumi kutoka hapo, akapata mkanda kwa juma moja. Hakuna kosa alilofanya, wala hakuna ujuzi aliokuwa nao yule mwenzake. Akili ya mtu ikiishi humo muda mrefu huchoka kwa namna ambayo usingizi peke yake hautoshi kuiponya.

Mdogo wangu aliingia katika maisha hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pamba ilikuwa haina bei ya maana, ng'ombe walikuwa wamepungua, na habari za dhahabu zilifika kila mnadani. Alikwenda Geita, ambayo siku hizo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilifanywa mkoa mwaka 2012. Aliandika barua mbili. Katika ya pili alisema wamekaribia.

Mwaka 1994, wakati wa mvua, tuliletewa habari kwamba duara limetitia na watu watatu wamo ndani, naye akiwa mmojawao. Baba nami tulipanda basi hadi Mwanza, tukavuka kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi, mahali ambapo tangu Juni 2025 pana daraja, kisha tukashika njia ya Sengerema. Tulipofika machimboni tulikuta wenzao wakichimba pembeni ili kuwafikia. Udongo ulipandishwa kwa kamba katika viroba. Kila kiroba kilipofika juu, baba alikihesabu kwa sauti ya chini. Nilikaa karibu naye siku tatu na kusikia hesabu hiyo mchana na usiku. Kamba hukatikia pabovu, walisema wahenga. Nami niliitazama ile kamba hadi macho yakauma.

Usiku wa pili mzee mmoja asiyetufahamu, ambaye naye alikuwa na mtoto ndani ya shimo lile, alichora mashimo ardhini kwa kidole, akaokota kokoto, akamkaribisha baba. Wakacheza. Hawakusemezana zaidi ya maneno ya mchezo. Viroba viliendelea kupanda, lakini baba hakuhesabu tena. Niliona aibu kubwa mbele za watu, nikaondoka nikakae penye taa.

Siku ya tatu waliwatoa. Hakuna aliyekuwa hai.

Tulimrudisha nyumbani tukamzika. Usiku uliofuata nilitoka nje nikamkuta baba chini ya mti na ubao wake, akicheza pande zote mbili peke yake kwa mwanga wa kibatari. Wageni walikuwa wamelala uani. Nilimwambia, "Baba, matanga hayajaanuliwa, nawe unacheza bao?"

Hakuinua kichwa. Alisema, "Mwanangu, nikiacha kuhesabu kete, nahesabu viroba."

Nililiona jibu hilo kuwa la mtu aliyetafuta kisingizio. Nilikuwa na miaka 36, nilikuwa mwalimu, na nilidhani naijua huzuni inavyopaswa kuonekana. Kwa muda wa karibu mwaka mzima nilimwamkia tu nikapita. Baadaye tulizungumza tena, kama watu wa nyumba moja wanavyozungumza, lakini jambo lile hatukulirudia. Alifariki mwaka 2003.

Sasa nirudi kwenye simu. Mchezo anaonicheka mjukuu wangu una ukoo wake pia. Mwaka 1984, mjini Moscow, Alexey Pajitnov, mtaalamu katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Urusi ya wakati ule, alitunga mchezo wa vipande vinavyoanguka na kupangwa, akauita Tetris. Hapa kwetu wengi tuliujua kwa vile vidude vya betri vilivyouzwa madukani katika miaka ya 1990. Kisha zikaja simu za Nokia zenye mchezo wa nyoka, uliotokea mara ya kwanza mwaka 1997. Mtandao wa simu ulipoenea hadi vijijini mwetu, nyoka yule alifika pamoja nao, na nimewaona wachimbaji wakimlisha huku wakisubiri zamu. Michezo ya vioo vya kugusa ilifuata baadaye.

Yote hiyo, kwa ninavyoona mimi, ina mvuto mmoja na bao. Jambo zima liko mbele ya macho. Mkono wako unatenda, na tokeo linaonekana papo hapo. Mpangilio uliovurugika unarekebishika. Duniani mambo matatu hayo hayakutani mara kwa mara, na machimboni hayakutani kabisa. Ni kweli kwamba mchezo wangu huniletea vipande nisivyovichagua, na hapo haulingani na bao. Lakini kikishatokea kipande, hakuna kinachofichwa tena, wala hakuna cha kupoteza.

Miaka michache iliyopita niligundua kwamba wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Emily Holmes na wenzake waliwaonyesha watu filamu yenye matukio ya kutisha, kisha baadhi yao wakacheza Tetris. Waliocheza walirudiwa na picha za filamu ile mara chache zaidi katika siku zilizofuata. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi mwingine wa watu 71 waliofikishwa hospitalini baada ya ajali za barabarani, na tokeo likawa la namna hiyo hiyo kwa juma la kwanza. Maelezo yao ni kwamba picha ya jambo baya huhitaji nafasi ile ile ya akili inayotumika kupanga maumbo; nafasi ikishikwa, picha haipati pa kukaa kwa nguvu. Walisisitiza kwamba mtu hasahau lililotokea. Analikumbuka, ila halimvamii mara nyingi kama ambavyo lingemvamia.

Nilisoma habari hizo barazani, simu mkononi, na nikakumbuka kiroba na kete. Baba, ambaye hakumaliza darasa la nne, alikuwa amenieleza jambo hilo hilo kwa maneno machache. Na yule mzee aliyechora mashimo ardhini kando ya duara alilijua vilevile. Alimwona mtu anayehesabu viroba, akampa kitu kingine cha kuhesabu. Nadhani ilikuwa huruma kubwa kuliko maneno yote niliyoyasema mimi katika siku zile tatu.

Hata hivyo, nisionekane kuusifu kila mchezo. Katika miji yetu ya dhahabu zimeenea mashine za kutumbukiza sarafu, na kamari za mpira zimeingia ndani ya simu zenyewe. Sheria ya michezo ya kubahatisha ilipitishwa mwaka 2003 na Bodi yake ipo, lakini kijana aliyetoka kwenye karasha na ujira wa siku hajui sheria. Anaona taa zinazowaka. Mashine ile ni duara jingine. Imeficha kilicho ndani, nayo humwambia kila mara kwamba amekaribia, neno lile lile lililokuwa katika barua ya mdogo wangu. Hata baadhi ya michezo ya kupanga rangi imejifunza hila hiyo: hukupa uhai wa kuhesabika, ukiisha ungoje au ununue. Mtu anayetafuta mapumziko huko anarudishwa alikotoka.

Kwa hiyo nikiulizwa na wazazi kuhusu simu za watoto wao, siwaulizi wanacheza saa ngapi peke yake. Nawauliza pia kama mchezo wenyewe unaficha kitu, na kama unadai kitu. Usioficha wala kudai unaweza kumpumzisha mtu. Ule mwingine ni kazi ya machimbo isiyo na dhahabu.

Ubao wa baba ninao. Kete sita zimepotea, nikaziba pengo kwa kokoto. Mwaka huu nimeanza kumfundisha mjukuu wangu kunamua, naye amenishinda mara mbili, akacheka sana. Jumapili iliyopita aliniuliza kwa nini babu yetu alicheza peke yake, pande zote mbili, kama nilivyowahi kumsimulia. Nilimweleza habari za viroba. Alinyamaza kidogo, kisha akazichukua kete, akazigawa, akaniambia nianze mimi.