Tiba ya Mazungumzo na Kiwewe cha Vita katika Hospitali ya Craiglockhart, 1916–1917
Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, maofisa wa Uingereza waliopatwa na kiwewe cha vita walishauriwa wasahau waliyoyaona. Daktari W. H. R. Rivers, wa hospitali ya Craiglockhart, Uskoti, aliupinga ushauri huo. Kwake, kumbukumbu iliyozuiwa mchana hurudi usiku kama jinamizi. Hivyo aliwahimiza wagonjwa waisimulie, wakitafuta ndani yake jambo linalovumilika. Baadhi walipata nafuu. Hata hivyo, alikiri kuwa yapo matukio yasiyokuwa na jambo la namna hiyo. Aidha, kupona kulimaanisha kurejea vitani. Insha hii inahitimisha kuwa mazungumzo yaliifanya kumbukumbu ibebeke, lakini maana ya kupona iliamuliwa na jeshi, si na mgonjwa.