Ufunguo ni Mmoja

Mimi si mwanauchumi. Nilimaliza kidato cha nne nikabaki nyumbani. Mchana namsaidia mama kuuza mitumba sokoni, usiku naandika riwaya ambayo haiishi. Habari hii nimeikuta ndani ya robota la mama.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba kidogo kidogo mpaka iishe, ili viwanda vyetu vya nguo vipate pumzi. Mama akakosa usingizi. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ikaushikilia ushuru wake, uliokuwa umepanda toka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Basi, Julai 2018 Rais Donald Trump akaziondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru, nafasi iliyotokana na sheria ya mwaka 2000 kwa nchi za Afrika.

Mama alishukuru Mungu. Fundi cherehani wa kibanda cha pili alinyamaza tu.

Mimi nikashangaa. Darasani tulifundishwa kwamba kodi ni kazi ya bunge. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 nayo inasema hivyo hivyo: mwenye kutoza ushuru ni Kongresi. Sasa rais kaupata wapi ufunguo?

Nikaanza kusoma. Kumbe kisa chenyewe kinaanzia kwenye aibu. Mwaka 1930 Seneta Reed Smoot na mbunge Willis Hawley walitunga sheria ya ushuru. Nia ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wakulima, lakini kila mbunge akataka bidhaa za kwao nazo zilindwe. Wachumi zaidi ya 1,000 walimsihi Rais Hoover asiitie sahihi. Akaitia, tarehe 17 Juni. Nchi nyingine, Kanada mojawapo, zikalipiza. Mwaka 1932 Smoot na Hawley wote wawili walinyimwa kura.

Kongresi ikajifunza kwamba wabunge wakigawana ushuru, hakuna anayekubali cha kwao kipungue. Ndipo mwaka 1934, wakati wa Rais Roosevelt, ilipompa rais ruhusa ya kupunguza au kupandisha ushuru hadi nusu yake, akishapatana na nchi nyingine, bila kurudi kuomba kila mara. Waziri Cordell Hull, aliyeipigania sheria hiyo, alitaka ushuru ushuke, na kweli ukashuka.

Lakini ufunguo unaofungua ndio huo huo unaofunga. Sheria ya mwaka 1962, enzi za Kennedy, ilisema rais aweza kuzuia bidhaa za nje zikihatarisha usalama wa taifa, baada ya uchunguzi wa serikali. Mwaka 1971 Nixon aliongeza asilimia 10 juu ya bidhaa nyingi zilizoingia, kwa miezi minne. Sheria ya 1974 ikamruhusu rais kutoza hadi asilimia 15 kwa siku 150 pesa za nje zikiyumba. Sheria ya 1977 ikampa madaraka ya wakati wa hatari, ingawa neno ushuru halimo ndani yake.

Mwaka 2018 ile sheria ya Kennedy ilitumika kutoza chuma cha pua na cha kawaida asilimia 25, hata cha Kanada, rafiki wa jirani. Mwaka 2025 ile ya 1977 ikatumika kutoza karibu dunia nzima. Wafanyabiashara wadogo wakaenda mahakamani, na Mei mwaka huo mahakama ya biashara ya New York ikasema sheria hiyo haikumpa rais uwezo mkubwa kiasi hicho.

Nilipomsimulia mama, alikuwa akikunja mashati. Hakuinua uso.

"Sasa mwanangu, hao wabunge walipomwazima huo ufunguo, hawakusema ataurudisha lini?"

"Walisema, mama. Ile ya 1934 ilikuwa ya miaka mitatu tu."

"Halafu?"

"Wakaongeza mitatu mingine. Halafu wakaongeza tena."

Mama akacheka, akamtazama fundi cherehani. Yule fundi hakucheka.