Mchango wa Wameru na Asilimia Mbili ya Kodi

Washarika wetu wenye biashara mjini Arusha hutuuliza kama serikali inautambua mchango wao kwa shule, zahanati au mfuko wa yatima. Swali la pili huja kwa sauti ya chini zaidi: aliyepunguziwa kodi kwa sababu ametoa, je, ametoa kweli?

Tuanze na wazee wetu. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, watu ambao wengi wao ndio kwanza walikuwa wamepoteza nyumba na malisho. Hapakuwa na nafuu yoyote ya kodi kwa waliotoa. Kodi walidaiwa na serikali ileile iliyowahamisha.

Kwa mchango huo Kirilo Japhet alifika New York mwaka 1952, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere. Alikuwa pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwishoni mwa mwaka huo azimio la kuwatetea Wameru lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Ardhi haikurudi. Lakini Kirilo alirudi, akawaeleza watu alikokwenda na alichojibiwa. Waliochanga walijua fedha yao ilifika wapi. Mtume Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8, hakukubali kuubeba peke yake mchango wa Yerusalemu. Walitumwa ndugu wengine pamoja na Tito ili pasiwe na manung'uniko.

Sasa turudi kwenye kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa katika mapato yake ya biashara alichotoa kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii, mradi kisizidi asilimia 2 ya mapato hayo. Taasisi yenyewe lazima iwe imekubaliwa na Kamishna wa TRA kuwa ya hisani. Cheti cha usajili peke yake hakitoshi, na hapa ndipo mifuko mingi ya kijamii hukwama.

Tupige hesabu. Kampuni yenye mapato ya shilingi 50,000,000 inaweza kuondoa hadi 1,000,000. Kwa kodi ya asilimia 30, inaokoa 300,000. Laki saba zimetoka mfukoni mwake. Basi ametoa, na hatuoni sababu ya kumwonea haya anayetumia haki yake.

Kinachotusumbua ni kingine. Nafuu hii inamhusu mwenye biashara na vitabu vya hesabu. Mwalimu anayekatwa kodi kwenye mshahara haimfikii, wala mama aliyeleta mkungu wa ndizi ukanadiwa baada ya ibada. Wakikaa pamoja katika mfuko mmoja wa jamii, mwenye risiti ya TRA asipewe kiti cha mbele. Na siku ya kusoma hesabu, mama wa ndizi naye awepo, aulize mkungu wake ulinunua nini.