Tarehe ya Baiskeli ya Kazi

Mtu ateuaye baiskeli ya kumpeleka kazini na kumrudisha kila siku aghalabu hutazama rangi yake, wepesi wake na bei yake, akadhani kuwa ameyatazama yote. Walakini tarehe ya chombo hiki katika Afrika ya Mashariki yatufundisha kwamba wazee wetu walikuwa na kipimo kilicho bora zaidi, nacho ni hiki: baiskeli imara ni ile ambayo ikiharibika hutengenezeka karibu na ilipoharibikia, kwa mkono wa fundi aliyepo na kwa spea zilizomo madukani. Kipimo hicho kilipatikana njiani, kwa taabu na kwa maarifa, wala hakijachakaa hata leo.

Baiskeli tuijuayo, yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa kwa kimo na mnyororo uendeshao gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885, pale John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli yake iitwayo Rover. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo katika mji wa Belfast, akalivika gurudumu mpira uliojazwa upepo, na mwaka huo huo kampuni ya Raleigh ikaundwa Nottingham, ambako baadaye zilitoka baiskeli zilizosafirishwa katika kila pembe ya dola ya Waingereza.

Baiskeli ya kazi iliyoletwa kwetu iliundwa na watu walioijua njia mbaya. Fremu yake ilikuwa ya mabomba ya chuma. Masafa baina ya magurudumu yalikuwa marefu, na uma wa mbele ulitangulizwa mbele, hata gurudumu likitumbukia shimoni kishindo kikapungua kabla ya kuufikia mkono wa mwendeshaji. Magurudumu yalikuwa ya inchi 28, lile la mbele likiwa na spoku 32, na la nyuma, lichukualo mzigo, spoku 40. Tandiko lilikuwa la ngozi juu ya springi, na breki hazikuvutwa kwa waya, bali kwa fito za chuma zilizoshuka kutoka usukanini hata kwenye rimu. Uzito wake wapata kilo 20, na wako waliouona kuwa ni kasoro; lakini uzito huo ndio uliobeba magunia ya mahindi, madumu ya maji na matenga ya samaki.

Ikauzwa katika maduka ya Wahindi, na wakulima wa pamba wa Usukuma, kama wale wa kahawa wa Kilimanjaro na Buhaya, wakaitamani walipouza mavuno yao. Karani na mwalimu wakaipanda kwenda kazini, na mchuuzi wa pwani akaitumia kuwahisha pwezi sokoni kabla jua halijawa kali. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960, keria ilitiwa mto, na abiria wakachukuliwa kwa ijara. Ndiyo asili ya bodaboda.

Kazi zote hizo zilimtegemea fundi. Akaa chini ya mwembe na pampu yake, karai la maji, na kopo la gololi zilizolowa grisi. Huipindua baiskeli, usukani na tandiko vikawa chini, akalizungusha gurudumu huku kidole gumba kimesimama karibu na rimu. Palipogusa kidole, hukaza spoku ya upande mmoja akalegeza ya upande wa pili, hata gurudumu likaenda sawa. Mpira uliotoboka huuzamisha karaini, akafuata mapovu, akapakwaruza kwa msasa, akapaka gundi na kubandika kiraka kilichokatwa katika mpira mkuukuu. Hakuna sehemu ya chombo kile iliyofichwa macho yake, wala isiyofunguka kwa spana. Fauka ya hayo, Hero ya Ludhiana, India, iliyoanzishwa mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai zilipokuja kushindana na Raleigh, zilifuata umbo lile lile la kale, kwa hiyo elimu ya fundi haikupotea.

Leo mnunuzi hukuta madukani pia baiskeli chotara, iliyochanganya aina mbili za baiskeli, nayo ina nasaba nyingine. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, Marekani, walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi mapana, wakateremka nazo milimani, kwa kuwa zilistahimili mapigo yaliyozishinda baiskeli nyepesi za mashindano. Ndivyo ilivyozaliwa baiskeli ya milimani. Baadaye waundaji wakaioanisha na baiskeli ya barabarani, na chotara akarithi usukani ulionyooka upande mmoja, na magurudumu makubwa mepesi upande wa pili.

Hapa mnunuzi yampasa hadhari. Rimu ya baiskeli ya kazi ya kale ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi likaapo, na ya chotara milimita 622. Zote mbili huweza kuitwa za inchi 28, na tairi la moja halikai katika nyingine. Milimita 13 zatosha kumfanya mtu asukume baiskeli kwa miguu akitafuta tairi mji mzima.

Kwa hiyo atakaye chotara wa kudumu na aende kwa fundi wa mtaani kwake kabla ya kwenda dukani, amwulize ni matairi gani yapatikanayo, na gia zipi azijuazo. Kisha na ateue fremu ya chuma, magurudumu yenye spoku 36, nafasi ya kutosha tairi pana, na mahali pa kufungia keria na madigadi. Na uma wa springi wa bei ndogo auache, kwa maana huongeza uzito, na ukiharibika ni nadra kutengenezeka. Atakayefanya hivyo atakuwa amenunua chombo pamoja na auni ya kukitunza, na kwa mtu wa kazi viwili hivyo havitengani.