Tope la Ukambani katika Matumbawe ya Malindi

Mto Athi ndio mpaka wa Makueni na Kitui, katika Ukambani, nchi ya Wakamba. Vuli ikinyesha kwa nguvu maji yake hugeuka mekundu, kwa kuwa kila korongo lililochimbika katika milima ya Mbooni linamwaga udongo wake bondeni. Ukiungana na Tsavo mto huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapoingia baharini kaskazini ya Malindi. Huko ndiko ilikohifadhiwa kumbukumbu ndefu ya mashamba ya Wakamba.

Katika nchi za baridi, wataalamu husoma hali ya hewa ya kale kwa kuhesabu duara ndani ya shina la mti, moja kwa kila mwaka. Ukambani hesabu hiyo huvurugika. Mvua huja kwa misimu miwili, na masika yakikosa kabisa mti unaweza kuruka duara. Mwaka mwingine ukaweka mbili. Ndiyo maana watafiti walifuata maji. Tope la chini ya Ziwa Naivasha liliwapa historia ya miaka 1,100, na ndani yake ukame mrefu wa 1760 hadi 1840.

Matumbawe ya Malindi yanasema mengine. Mnyama mdogo wa tumbawe hujijengea nyumba ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka. Mtafiti hupiga mbizi na keekee, akatoa kipande kirefu cha mviringo, akakipasua na kukipiga eksirei: mistari myeupe na myeusi hujitokeza, na jozi moja ni mwaka mmoja. Aina za oksijeni ndani ya chokaa huonyesha joto la bahari. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulilifuata joto hilo hadi 1801. Tope nalo lina alama yake. Chembe za udongo hubeba bariamu, na zikikutana na maji ya chumvi huiachia, kisha matumbawe huichukua mahali pa kalsiamu. Bariamu ikizidi, basi udongo mwingi umetoka bara.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha kipimo hicho kwa miaka 300. Kati ya 1700 na 1900 tope halikubadilika sana. Jambo hilo ni zito, kwa sababu ndani ya karne hizo mbili umo ukame wa Naivasha, na mwishoni imo Ngomanisye, njaa ya 1898 na 1899 ambayo wazee wa Ukambani bado huitaja kwa jina. Mvua ilikosa, watu wakafa kwa wingi, lakini ardhi haikuhama kama ilivyokuja kuhama baadaye. Kipimo cha tope kinaanza kupanda karne ya 20, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa imewabana Wakamba na mifugo yao ndani ya mipaka ya rizavu, maeneo waliyotengewa.

Maofisa wa serikali hiyo walilaumu ng'ombe kwa mmomonyoko huo. Mwaka 1938 walipowapunguza kwa nguvu, kiongozi wa Wakamba, Muindi Mbingu, aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kudai mifugo yao, naye akahamishiwa Lamu. Kwa maoni yangu matumbawe yanaunga mkono malalamiko yao: uharibifu ulifuata kubanwa kwa watu, wala haukuwa desturi yao ya kale.

Kilele cha tope kilifika kati ya 1974 na 1980, baada ya ukame mkali wa mwanzoni mwa muongo huo, idadi ya watu ikiwa imeongezeka na misitu imekatwa. Miaka hiyohiyo watu wa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake, walikuwa wakichimba matuta ya fanya juu ya kuzuia udongo kwenye miteremko ileile.