Santuri ya Amanaz na Suala la Muziki wa Kigeni

Katika vitabu vya historia vilivyosomeshwa zamani katika shule zetu, mtoto alifundishwa kwamba maporomoko makubwa ya mto Zambezi yaligunduliwa na David Livingstone mwezi Novemba 1855. Wakololo waliompeleka kwa mtumbwi hadi mahali pale walikuwa wakiyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi uungurumao, wala hawakuwa wamepotelewa na kitu chochote. Tumelikumbuka somo hilo kwa sababu neno lilelile, kugundua, limerudi katika karne hii juu ya jambo dogo zaidi lakini la nchi ileile. Jambo hilo ni santuri moja ndefu iitwayo Africa, iliyopigwa na vijana watano wa Zambia mwaka 1975, ambayo wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani waliitangaza, miaka thelathini na zaidi baadaye, kuwa ni ugunduzi.

Kundi lenyewe lilijiita Amanaz. Jina hilo limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "niulize habari za wanamuziki wazuri wa Zambia". Keith Kabwe aliimba, Isaac Mpofu na John Kanyepa walipiga magitaa, Jerry Mausala alishika besi, na Watson Lungu alikaa kwenye ngoma. Katika Zambia yenyewe walikuwako wenzao waliojulikana zaidi, hasa kundi la WITCH lililoongozwa na Emmanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger wa Uingereza. Muziki wao wote uliitwa Zamrock. Amanaz walitoa santuri hii moja tu.

Msikilizaji aliyezoea dansi yetu atashangazwa kwanza na uzito wake. Hapana tarumbeta, wala lile gitaa la solo liendalo mbio mwishoni mwa wimbo ili watu wainuke vitini. Magitaa yamepitishwa katika kifaa cha umeme kinachoikwaruza sauti hata ikawa kama chuma kinachoburutwa juu ya jiwe, na ngoma hazina haraka. Lakini chini ya mkwaruzo huo umo msingi ambao si mgeni hata kidogo. Msingi huo ni bluzi, muziki wa Waafrika waliofanywa watumwa katika kusini ya Marekani na wa watoto wao baada yao. Katika bluzi, mstari hutolewa, hurudiwa, kisha hujibiwa na mstari wa tatu. Sisi tunaotunga mashairi twautambua mpango huo mara moja, maana ndio mwendo wa kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake.

Yafaa tuifuate safari ya msingi huo, kwa kuwa hapo ndipo penye hoja yetu. Bluzi ilitoka mashambani mwa Mississippi ikaenda na vibarua hadi miji ya kaskazini. Muddy Waters, kwa mfano, alihamia Chicago mwaka 1943, na huko ikatiwa umeme. Katika miaka ya 1960 vijana wa Uingereza wakainunua katika santuri, wakaikuza sauti na kuifanya roki nzito. Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi, alisafiri hadi London mwaka 1966 ndipo akapata sifa ya dunia nzima. Kutoka London, muziki huo ukafika katika miji ya migodi ya shaba: Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya. Basi kitu kilichotoka Afrika katika majahazi ya watumwa kilirejea Afrika baada ya kuizunguka Atlantiki yote, na kilipobisha hodi kikaulizwa pasipoti.

Miji hiyo ilikuwa tayari kukipokea. Tangu mwaka 1949 wafanyakazi wa Rhodesia ya Kaskazini walikuwa wakinunua redio ndogo ya betri iliyofanana na sufuria, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya Waafrika. Baada ya uhuru wa 1964 shaba ilileta zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za Zambia, na mshahara wa mgodini uliweza kumnunulia kijana gitaa la umeme. Juu ya hayo ikaja amri. Katika miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Wazambia. Bila shaka wakubwa walitazamia nyimbo za vijijini. Walizipata, na pamoja nazo wakapata vijana wenye nywele ndefu na suruali pana, waliopiga roki nzito na kusema, kwa haki kabisa, kwamba wao pia ni Wazambia.

Hapa hatuwezi kupita bila kuitazama nchi yetu. Tanzania ilishika njia nyingine. Mwezi Novemba 1969 viongozi wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa souli katika Dar es Salaam, mwaka uleule wa Operesheni Vijana iliyopinga mavazi ya kigeni. Nia yake hatuidharau. Taifa lilikuwa changa na lilikuwa likitafuta sura yake. Lakini katika siku hizohizo NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ikipiga rumba kwa magitaa ya umeme, na rumba hiyo ilikuwa imetoka Cuba, ikapita Kongo, ndipo ikatufikia. Hapakuwa na aliyeiuliza pasipoti. Ilikuwa imekwisha kujifunza Kiswahili, nasi tukaihesabu kuwa ni yetu, kama tulivyofanya kwa meza, shule na karatasi. Kwa maoni yetu, tofauti ya rumba na souli mwaka ule haikuwa ya asili, ilikuwa ya muda tu. Moja ilikuwa imepewa nafasi ya kukaa na nyingine ikafukuzwa ingali mlangoni.

Amanaz walikuwa wameanza kukaa. Nyingi za nyimbo zao ni za Kiingereza, lakini sikiliza majina mawili. Wimbo mmoja unaitwa "Kale", neno ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa. Mwingine unaitwa "Khala My Friend", na khala katika Kinyanja ni kaa yetu sisi. Laiti wangepewa miaka kumi, tungeliona lugha za nyumbani zikiipanda roki kama Kiswahili kilivyoipanda rumba.

Hawakupewa. Mwaka 1975, mwaka wa santuri yenyewe, bei ya shaba ilianguka katika soko la dunia. Vita vya Rhodesia vilikuwa mpakani. Fedha za kigeni za kununulia vifaa zikaadimika, kanda za wizi zikazimaliza santuri sokoni, na muziki wa disko ukachukua kumbi. Kisha, katika miaka ya 1980 na 1990, ukaja UKIMWI. Katika wale walioanzisha WITCH, Chanda peke yake ndiye aliyebaki hai. Alifundisha, kisha akaingia migodini kutafuta vito.

Ndipo wakaja wagunduzi. Tusiwaonee. Walilipia, walisafisha sauti, waliwatafuta wanamuziki waliobaki na kuandika majina yao. Mwaka 2015 kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilitoa tena Africa pamoja na michanganyo yake miwili, mmoja mkavu na mwingine wenye mwangwi mwingi. Hata hivyo mtu wa Ndola anayetaka kuwasikia vijana wa kwao sasa hununua kwa dola, na mtafiti wa Kiafrika husoma historia yao katika kijitabu kilichoandikwa California.

Nasi tunazo kanda za Radio Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa studio ya bendi zetu karibu zote. Kwa kuwa mwenye studio alikuwa dola, mengi yalihifadhiwa ambayo kwa jirani zetu yalitawanyika. Hilo ni jema, na lisemwe. Lakini kwa sababu hiyohiyo kilichohifadhiwa ni kile kilichokubaliwa na kamati, na kanda nazo huliwa na joto la pwani kila mwaka unaopita. Katika "Khala My Friend" magitaa hulia polepole nyuma ya mwimbaji anayemwomba rafiki yake akae. Vijana wa Dar es Salaam waliopiga souli kabla ya Novemba 1969, wale walio hai, sasa wamepita miaka sabini, na wengi wao wangali wakikaa katika mitaa ileile.