iPhone 'used' ya Marekani: Modeli, mtandao, GB au rangi, kipi kiangaliwe kwanza?

Ukipita Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au ukifungua kurasa za wauza simu Instagram, matangazo ya iPhone 'used' yanafanana. Yanataja modeli, GB, rangi na asilimia ya betri. Chini kuna bei, halafu namba ya WhatsApp.

Kitu kimoja mara nyingi hakitajwi: simu hiyo iliuzwa na kampuni gani ya simu huko ilikotoka. Na hicho ndicho kinachoweza kuigeuza simu ya mamia ya maelfu kuwa kioo cha kupigia picha tu.

Uamuzi uliofanywa na mtu mwingine

Mtu wa Marekani akinunua iPhone huchagua vitu vinne: modeli, kampuni ya simu, ukubwa wa hifadhi na rangi. Kampuni kubwa kule ni tatu: AT&T, T-Mobile na Verizon.

Wateja wengi hawalipi pesa yote kwa mkupuo. Wanakatwa kila mwezi, kwa miezi 24 au 36 kutegemea kampuni. Ili mteja asihame na deni, kampuni huifunga simu isisome laini ya mtandao mwingine. Mtaani wanasema simu 'imelokiwa'.

Deni likiisha na masharti mengine yakitimia, kampuni huifungua. Ikiuzwa kabla ya hapo, inavuka bahari na loki yake. Mnunuzi wa Dar, Mwanza au Mombasa anaweka laini yake, na simu inagoma.

Kwa hiyo anayenunua 'used' anarithi uchaguzi wa mtu asiyemjua. Rangi asiyoipenda ataifunika na kava. Loki ya mtandao haifunikiki.

Jinsi ya kujua kama imelokiwa

Ni jambo la nusu dakika. Kwenye iPhone ingia Settings, kisha General, kisha About. Shuka chini hadi pameandikwa Carrier Lock.

- Ikiandika "No SIM restrictions", simu iko huru. Inapokea laini ya mtandao wowote.
- Ikiandika "SIM locked", imefungwa, hata muuzaji aseme nini.

Hapo wengi huambiwa, "Usijali, fundi ataifungua." Kwa iPhone, taarifa ya loki haipo ndani ya simu peke yake. Iko pia kwenye mfumo wa Apple, na kampuni iliyoifunga ndiyo yenye uwezo wa kuomba ifunguliwe moja kwa moja.

Wanachofanya mafundi wengi ni kuweka R-SIM, kichipu chembamba kinachokaa pamoja na laini na kuidanganya simu. Kinaweza kufanya kazi leo, kisha mtu akasasisha simu au kuifuta kila kitu, mtandao ukapotea. Kukigundua ni rahisi: toa kijitrei cha laini uangalie. Ukikuta laini ina kipande cha ziada mgongoni, ndicho hicho.

Kwa Samsung za Marekani, angalia namba ya modeli. Galaxy S24 iliyoandikwa SM-S921U ni toleo la kampuni za simu, na SM-S921U1 ni toleo lililouzwa bila kufungwa. Yenye U pekee inaweza kuwa imeshafunguliwa, lakini lazima ijaribiwe na laini.

Haina sehemu ya kuweka laini

Jambo la pili linalowashtua watu ni tundu la laini. Kuanzia iPhone 14, iliyotoka Septemba 2022, iPhone zinazouzwa Marekani hazina kijitrei kabisa. Zinatumia eSIM, yaani laini isiyoshikika ambayo huingizwa ndani ya simu kwa njia ya intaneti.

Wenye ndugu Muscat, Dubai au Jeddah nao wawe makini. iPhone 14, 15 na 16 za Ghuba zina kijitrei. iPhone 17 zilizouzwa Oman, Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait na Bahrain hazina, kama zile za Marekani. iPhone Air haina kijitrei popote duniani.

eSIM si ubovu. Kampuni kubwa za simu Tanzania na Kenya zinaitoa, na huduma za pesa kama M-Pesa zinaendelea kufanya kazi. Ila mambo mawili yanabadilika.

Kwanza, kuiingiza kunahitaji intaneti, kwa kawaida Wi-Fi. Pili, simu ikizima ghafla, huwezi kuchomoa laini na kuiweka kwenye kiswaswadu ili utoe pesa. Itabidi laini ihamishiwe kwenye simu nyingine, na mara nyingi hiyo ni safari ya kwenda dukani kwa mtandao wako na kuweka alama za vidole. Mama lishe au bodaboda anayepokea malipo siku nzima kwa namba moja alifikirie hilo kabla ya kulipia.

Njia ya kati ipo. iPhone za masoko mengi ya Ulaya zina kijitrei kimoja pamoja na eSIM. Nyingi za China bara na Hong Kong zina nafasi ya laini mbili za kawaida, lakini za China bara kwa miaka mingi hazikuwekewa eSIM.

Mtandao wa hapa nyumbani

Simu ikishakuwa huru, unabaki uchaguzi wa laini. Hapa jina la kampuni lisitangulie mahali mtu anapoishi.

Mtandao unaokimbia Posta unaweza kusuasua Mbagala, na unaoshika vizuri Iringa mjini unaweza kupotea kijijini. Njia ya uhakika ni kuazima laini ya jirani au mfanyakazi mwenzako, kuiweka kwenye simu yako na kuijaribu asubuhi, mchana na saa mbili usiku, pale pale unapolala na unapofanyia kazi.

Kuhama mtandao bila kubadili namba kunawezekana Tanzania tangu Machi 2017. Na kabla ya kusajili laini mpya, piga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, itoe.

Kuhusu 5G, hiyo ni sababu ya kulipa zaidi endapo tu inashika mahali ulipo. iPhone zilianza kuwa na 5G kwenye iPhone 12. Anayeishi penye 4G pekee hatapata kasi ya ziada kwa kuwa simu yake ina 5G.

Modeli: hesabu miaka iliyobaki

Simu 'used' haipimwi kwa mwonekano pekee. Inapimwa kwa muda itakaoendelea kupata masasisho.

iOS 26 iliyotoka Septemba 2025 iliziacha iPhone XR, XS na XS Max. Bado zinapiga simu na kufungua WhatsApp, lakini zimeanza safari ya kubaki nyuma. Mfano wa mwisho wa safari hiyo ni iPhone 5s na 6. Hizo ziliishia iOS 12, na tangu Mei 2025 WhatsApp inataka iOS 15.1 kwenda juu.

Mwenye bajeti ndogo asilazimishe iPhone. Galaxy A16 mpya, kwa mfano, iliahidiwa miaka 6 ya masasisho, ina nafasi ya kadi ya memori na haijapita mikononi mwa mtu. Kwa matumizi ya WhatsApp, TikTok na kutuma pesa, hilo linaweza kumfaa zaidi kuliko iPhone kuukuu yenye betri iliyochoka.

Betri nayo ina kipimo. Apple inasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 500, na za iPhone 15 kuendelea mizunguko 1,000. Ikiwa chini ya 80, weka gharama ya betri mpya kwenye hesabu ya bei.

GB: hapa hakuna kurudi nyuma

iPhone haina nafasi ya kadi ya memori. GB zilizochaguliwa siku ya kwanza ndizo hizo hizo. Kuna mafundi wanaobadilisha chipu ya hifadhi, lakini simu inafunguliwa hadi kwenye bodi, na uwezo wake wa kuzuia maji hauna uhakika tena.

iPhone 11 na 12 zilianzia 64GB. iPhone 13 hadi 16 zilianzia 128GB, na iPhone 17 inaanzia 256GB. Kumbuka mfumo wenyewe na programu zinakula sehemu yake kabla hujapiga picha hata moja.

Wanaojaza simu haraka zaidi ni wapiga video. Dakika moja ya video ya kawaida ya 1080p huchukua takriban MB 60. Ya 4K kwa fremu 60 huchukua takriban MB 400. Harusi iliyorekodiwa kwa nusu saa hivyo ni karibu GB 12.

Kwa kukadiria:

- 64GB: simu, WhatsApp na picha chache. Inahitaji kufutafuta mara kwa mara.
- 128GB: mtumiaji wa kawaida asiyerekodi video ndefu.
- 256GB: anayetengeneza video, anayeuza bidhaa mtandaoni, au anayetaka kukaa na simu miaka mingi.

Hifadhi ya mtandaoni inasaidia, ila iCloud ya bure ni GB 5 tu, na kila picha inayopanda inakula bando. Kwa asiye na Wi-Fi nyumbani, GB za ndani ya simu ni nafuu kuliko zinavyoonekana.

Rangi inaweza kumsema muuzaji

Rangi ndiyo inayoangaliwa kwanza, ingawa ilipaswa kuwa ya mwisho. Hata hivyo ina kazi moja nzuri: inafichua simu iliyobadilishwa bodi.

iPhone 13 ilitoka kwa rangi ya waridi, buluu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, kisha kijani ikaongezwa Machi 2022. iPhone 13 ya njano haikuwahi kutengenezwa na Apple. Njano ilikuja kwa iPhone 14, Machi 2023. Ukiletewa 13 ya njano, imevishwa ganda jingine, na aliyeifungua huenda aligusa na vingine.

Wapo pia wanaochukua iPhone XR na kuivisha umbo la modeli za karibuni. Ganda linadanganya, lakini Settings, General, About huonyesha modeli halisi. Hapo hapo, kwenye namba ya modeli, herufi ya kwanza husema asili yake: M ni iliyouzwa mpya, F ni iliyofanyiwa ukarabati na kuuzwa tena, na N ni iliyotolewa kumbadilishia mteja. Mwisho wa LL/A maana yake ililengwa soko la Marekani.

Kabla pesa haijatoka mkononi

1. Piga *#06#. Linganisha IMEI inayotokea na ile ya kwenye About na ya kwenye boksi.
2. Tuma IMEI hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu. Majibu yataje aina ya simu uliyoishika. Ikitaja nyingine, achana nayo. Simu bandia zilizimwa Tanzania Juni 16, 2016, na TCRA bado ina uwezo huo.
3. Angalia Carrier Lock.
4. Weka laini yako mwenyewe, au eSIM kama haina kijitrei. Piga simu, washa data, fungua ukurasa.
5. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako, kisha uiwashe upya. Ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, au ikisema inasimamiwa na taasisi, usinunue. Mwenye akaunti au taasisi hiyo ndiye wa kuiachia.
6. Kwa Android uliza kama ilinunuliwa kwa mkopo. Simu ya mkopo inayodaiwa inaweza kujifunga wiki moja baada ya kuinunua, na anayedaiwa ni mtu aliyeshabadili namba.
7. Kwenye About, angalia sehemu ya vipuri. Kioo, betri au kamera isiyo halisi huandikwa hapo kwenye modeli nyingi za karibuni.
8. Chukua risiti ya EFD yenye IMEI ya simu hiyo. Siku polisi au mwenye mali akijitokeza, karatasi hiyo ndiyo itakayoeleza simu uliipataje.

Muuzaji anayeaminika hatachukia simu yake ikikaguliwa kwa dakika kumi. Anayeharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine yuko njiani, mwachie mteja huyo.